JBL ni nani? Fundi wa magari aliyeacha jina lake kwenye spika zako

Ukipanda nganya ya Rongai jioni, besi inakukaribisha kabla ya makanga. Inapanda kutoka kwa sakafu, inapita kwa viatu, inakuja kutulia kifuani. Angalia pale juu ya dirisha la nyuma ama kwenye mlango. Mara nyingi utaona herufi tatu: JBL. Tumekua tukiziona kwa matatu, kwa harusi, kwa kanisa na kwa vispika vidogo vya kubeba mkononi. Wachache wanajua kwamba ni jina la mtu.

Mtu mwenyewe alianza maisha ya kazi kama fundi wa injini za magari. Jina hilo hakuzaliwa nalo, alijichagulia akiwa mtu mzima. Baadaye aliliuza pamoja na kampuni yake, akapigania kulitumia tena, na akafa akiwa na madeni kabla ya kujua lingefika wapi.

Anaitwa James Bullough Lansing. Kama unapanga kubadilisha spika za Vitz au Probox yako mwezi huu, vumilia nisimulie maisha yake kwanza. Karibu kila swali utakaloulizwa na muuzaji pale Luthuli Avenue, huyu jamaa alishapambana nalo miaka mingi iliyopita.

Alizaliwa Januari 14, 1902, katika kaunti ya Macoupin, jimbo la Illinois, Marekani. Wazazi walimpa jina James Martini. Baba yake, Henry, alikuwa mhandisi katika migodi ya makaa ya mawe. Nyumba ilikuwa na watoto 14, na James alikuwa wa tisa. Ukiwa wa tisa unajua mambo yalivyo: nguo unazovaa zishavaliwa na wengine, na ukitaka kuonekana, lazima ufanye kitu cha kuonekana. Kuna wakati aliishi na familia nyingine, ya akina Bullough, katika mji wa Litchfield. Jina la familia hiyo alilibeba moyoni.

Familia yake ilisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka kama 10 alijitengenezea chupa ya kuhifadhi umeme, akawa anawarusha wenzake kwa shoti. Akiwa na miaka kama 12 akaunda kimtambo cha kurusha mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakafika kituo cha wanamaji cha Great Lakes, wakubwa wakaja kutafuta yanatoka wapi, na mtambo ukabomolewa. Kijana wa darasa la sita hivi, na tayari jeshi limebisha hodi!

Alipokua, riziki ikampeleka gereji. Alifanya kazi mjini Springfield kama mekanika, hasa zile kazi za ndani ya injini zinazotaka mkono mtulivu. Mwajiri wake akamlipia masomo ya magari mjini Detroit. Kumbuka hilo, kwa sababu tabia aliyoipata huko haikumtoka. Fundi wa injini anajua kwamba pengo dogo kuliko unywele linaweza kuharibu mashine nzima. Na spika, ukiifungua, ni mashine. Kuna sumaku, kuna koili ya waya inayocheza ndani ya pengo jembamba la sumaku hiyo, na kuna karatasi ya umbo la koni inayosukumwa na koili ili isukume hewa. Koili ikigusa ukingo, sauti inakwaruza. Pengo likiwa pana mno, nguvu ya sumaku inapotea bure.

Mama yake alifariki mwaka 1924. James akaondoka nyumbani, akaenda magharibi hadi Salt Lake City. Huko alipata kazi ya ufundi kwenye kituo cha redio, akampata Glenna Peterson ambaye alimwoa, na akakutana na Ken Decker aliyekuja kuwa mshirika wake wa biashara. Mwaka 1927 walihamia Los Angeles na mwezi Machi wakasajili kampuni, Lansing Manufacturing. Ni katika kipindi hicho James Martini alipogeuka kuwa James Bullough Lansing. Bullough alilitoa kwa familia iliyomkaribisha utotoni.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Decker alishika vitabu vya hesabu na wateja. Lansing alishika koili.

Mwanzoni walitengeneza spika ndogo za inchi 6 na 8 za kuwekwa kwenye redio za nyumbani. Lakini mwaka huohuo wa 1927 filamu ya The Jazz Singer ilitoka, na sinema zikaanza kuongea. Ghafla kumbi kubwa zenye maelfu ya viti zikahitaji sauti, na spika zilizokuwepo hazikutosha. Ukipata besi unakosa maneno. Ukipata maneno, besi hakuna.

Katikati ya miaka ya 1930, Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti katika studio ya MGM, aliamua kutafuta dawa. Pamoja na mhandisi John Hilliard, walimgeukia Lansing awatengenezee mitambo ya ndani. Walichounda kiligawa kazi mara mbili. Spika kubwa za inchi 15 zilichukua besi. Spika ndogo yenye mdomo mpana kama tarumbeta ilichukua sauti nyembamba. Katikati kulikuwa na kigawanyaji, kile mafundi wetu wanakiita krosova, cha kuamua sauti gani iende wapi.

Hapa ndipo somo la kwanza la gari lako lilipo. Hakuna spika moja inayoweza kufanya yote. Koni kubwa inasukuma hewa nyingi lakini ni nzito, haiwezi kutetemeka haraka kiasi cha kutoa mlio wa simbali. Koni ndogo inatetemeka haraka lakini haina kifua cha kutoa besi. Kwa hiyo ukiambiwa spika moja ya inchi 4 itakupa besi ya nganya, jua unauziwa hadithi.

Somo la pili lilitoka kwa wacheza densi. Filamu za wakati huo zilijaa watu wanaogonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma. Wahandisi wa MGM walisikia kwamba kwenye mitambo ya awali mgongo mmoja wa kiatu ulifika sikioni mara mbili. Sababu ni kwamba njia ya besi ilikuwa ndefu kuliko ya sauti nyembamba, hivyo nusu moja ya mlio ilichelewa. Mtambo mpya ulipangwa ili nusu zote mbili zifike pamoja.

Sasa ebu fikiria gari lako. Umeketi kulia, spika ya mlango wa kulia iko karibu na goti lako, ya kushoto iko ng'ambo kabisa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya karibu inakufikia kwanza. Kisha fundi anakuwekea twita juu ya dashibodi na wufa chini mlangoni, kila moja na umbali wake. Ndio maana kuna magari yenye spika za bei ghali ambayo mwimbaji anasikika kama amekatwa vipande. Twita na wufa zikae karibu kadiri inavyowezekana, na kama redio yako ina uwezo wa kuchelewesha spika ya karibu kidogo, utumie. Ni shida ileile ya viatu vya densi, tofauti ni ukubwa wa chumba.

Mtambo ule wa MGM ulipewa tuzo ya kiufundi katika Oscar za mwaka 1936. Waliotajwa ni Shearer na idara yake ya sauti. Jina la Lansing halikuwepo. Kumbi zikaujua mtambo, studio ikapewa sifa, na fundi akarudi kwa koili zake.

Mwaka 1939 mambo yakaharibika. Ken Decker alikufa katika ajali ya ndege. Lansing akabaki na karakana nzuri na ofisi isiyo na mwenyewe. Alijua kupima pengo la sumaku, lakini ankara na mishahara zilimshinda. Ndani ya miaka miwili kampuni ilikuwa taabani, na Desemba 1941 ikanunuliwa na kampuni ya Altec. Jina jipya likawa Altec Lansing. Yeye akawa makamu wa rais wa uhandisi, mfanyakazi ndani ya kampuni yenye jina lake.

Miaka hiyo ndiyo iliyozaa spika ambayo mjukuu wake yuko kwenye mlango wa gari lako leo. Inaitwa 604. Wazo lake lilikuwa hili: badala ya kuweka twita pembeni ya wufa, ipitishe katikati ya wufa yenyewe, ili sauti zote zitoke mahali pamoja. Studio za kurekodi muziki ziliitumia kwa miongo mingi. Spika za aina hiyo, zenye kitwita kidogo kimekaa katikati ya koni, ndizo zinaitwa koaksia, na ndizo nyingi madukani.

Hivyo lile swali la kila siku, ninunue koaksia ama komponenti, Lansing aliligusa pande zote mbili. Mtambo wa sinema ulikuwa komponenti: kila kitu kivyake, krosova kivyake. Ile 604 ilikuwa koaksia. Zote mbili zilikuwa nzuri kwa sababu kila moja ilitengenezewa mahali pake. Kwa gari lako ni vivyo hivyo. Kama unataka kutoa spika za kiwandani na kuweka mpya kwenye tundu lilelile bila kutoboa chochote, koaksia inatosha, na pesa utakayookoa itakusaidia kwingine. Kama una fundi mzuri na una mahali pa kuinua twita karibu na masikio, komponenti itakupa sauti iliyo mbele yako badala ya miguuni. Komponenti iliyofungwa vibaya hushindwa na koaksia iliyofungwa vizuri, na hiyo tofauti utaisikia kila siku.

Mkataba wake na Altec ulipofika miaka mitano, mwaka 1946, Lansing aliondoka. Alikuwa na miaka 44 na alitaka kuanza upya. Akafungua kampuni, akaiita Lansing Sound. Altec wakapinga, kwa sababu jina Lansing walikuwa wamelinunua. Hebu piga picha hiyo: mtu anaambiwa jina alilojipa mwenyewe si lake tena. Mwishowe walikubaliana aandike jina lote, James B. Lansing Sound. Ni kutokana na jina hilo refu, lililozaliwa kwa mvutano, ndipo herufi JBL zilikuja kutumika kama nembo miaka ya 1950.

Katika karakana hiyo mpya alitengeneza kazi yake kubwa ya mwisho, spika ya inchi 15 iliyoitwa D130. Koili yake ilikuwa na upana wa inchi 4, kubwa sana kwa zama zile, na ilisukwa kwa waya bapa badala ya waya wa mviringo. Waya bapa hulaliana bila kuacha nafasi, kwa hiyo shaba au alumini nyingi zaidi inaingia kwenye pengo lilelile. Nyuma yake kulikuwa na sumaku kali ya alniko. Lengo la yote hayo lilikuwa moja: kila wati inayoingia itoe sauti nyingi iwezekanavyo. Amplifaya za siku hizo zilikuwa na wati chache, hakukuwa na za kuchezea.

Hili ndilo somo ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Boksi linaandikwa wati 500, wati 800, kwa herufi za dhahabu. Hiyo namba haikwambii spika itasikika kwa sauti gani. Mara nyingi ni kilele cha sekunde moja tu. Tafuta namba mbili ndogo zilizojificha nyuma ya boksi. Ya kwanza ni wati za kudumu, zilizoandikwa RMS. Ya pili ni usikivu wa spika, unaopimwa kwa desibeli. Ukiona moja ina 87 na nyingine 90, usiseme ni tofauti ndogo. Kila ukishuka desibeli 3, unahitaji nguvu mara mbili kupata sauti ileile. Na redio ya kawaida ya gari, hata ikiandikwa 50 mara nne usoni, hutoa takriban wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Kama huna mpango wa kununua amplifaya, chukua spika yenye usikivu wa juu na uachane na ile ya wati 800 inayosubiri nguvu ambayo gari lako halina.

D130 pia ilihitaji kasha zuri ili itoe besi yake yote. Mlango wa gari lako ndio kasha. Mlango mwembamba wenye matundu makubwa ndani unaachia hewa ya nyuma ya koni ichanganyike na ya mbele, na besi inajifuta yenyewe. Ziba matundu, bandika vibao vya kuzuia mtikisiko, kaza bodi. Kuna watu wamefanya hivyo kwa spika zao za zamani wakagundua hawakuhitaji mpya.

Lansing alikuwa na spika bora mikononi, lakini hakuwa na Decker. Kampuni ya ndege ya Marquardt iliweka pesa, na mtu wao wa fedha, William Thomas, akaanza kusaidia hesabu. Hata hivyo madeni yalizidi kupanda na mauzo hayakufuata. Mnamo Septemba 1949, nyumbani kwake San Marcos, California, James Lansing alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 47.

Hakuna haja ya kupamba hapa. Alikuwa mtu aliyejua kusikiliza kila kitu, na mzigo wake mwenyewe aliubeba kimya. Kama unasoma haya na wewe una deni linalokunyima usingizi, mwambie mtu leo. Rafiki, dada, daktari, yeyote. Deni hupangwa upya, kampuni hufungwa zikafunguliwa nyingine. Yeye mwenyewe alishaanza upya mara mbili.

Na kilichofuata kinaumiza kwa sababu kilikuwa karibu sana. Thomas alishika usukani, baadaye akanunua hisa za mjane Glenna, na kampuni ikasimama. Spika ya D130 iliendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa, ikaingia hata kwenye amplifaya za magitaa. Mwaka 1969, katika tamasha la Woodstock, umati wa watu laki kadhaa ulipigiwa muziki kwa wufa za inchi 15 za JBL zikiwa pamoja na honi za Altec. Kampuni mbili zilizogombania jina lake, jukwaa moja. Mwaka huohuo JBL ilinunuliwa na Sidney Harman, na tangu 2017 kampuni ya Harman iko chini ya Samsung.

Basi ukienda dukani Jumamosi, usianze na jina. Jina hubandikwa, na stika hata za bandia zimejaa mjini. Mwenye jina hili mwenyewe alikuwa amelibandika. Omba spika uishike mkononi. Ipindue uone sumaku. Sukuma koni taratibu kwa vidole pande zote mbili, ikikwaruza, irudishe. Soma RMS, soma desibeli. Pima tundu la mlango wako kabla ya kutoka nyumbani, upana na kina, kwa sababu sumaku ikigonga kioo kinaposhuka hutakuwa na la kufanya. Kisha omba ipigwe wimbo unaoujua vizuri, kwa sauti ya wastani. Kama unasikia pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, umefika.

Na jioni ukiwa kwenye foleni, besi ikipanda kutoka sakafuni, kumbuka kuna koili pale ndani inacheza kwenye pengo jembamba bila kugusa ukingo. Mekanika mmoja wa Illinois alitumia maisha yake yote kuhakikisha haigusi.